Parke si lupango: juu ya nini tunapanda maua ya pori yetu



Tangu tulipotangaza kwamba mwanzo wa mvula tutaingia mu parke ya kartie na majembe, maneno yamekuwa mingi. Mu Watsapu, mu taksi, ata nyumbani mbele ya wazazi. Swali moja linarudi kila siku: "Muji hauna mayi, barabara zimekuwa mashimo, vita iko Mashariki, na ninyi munaenda kupandia nyuki maua?" Mwingine aliandika kwa ufupi zaidi: kwamba harakati yetu imezeeka, imekuwa kikundi cha kupamba bustani.

Tulicheka, kiisha tukanyamaza, kwa sababu swali liko la haki. Kijana wa Lubumbashi aliyelala bila kula hawezi kuombwa aje kuchimba shimo juu ya kipepeo bila kuelezwa. Basi tueleze. Na tutasema pia mahali tulikosea, maana mwaka jana tulijaribu kazi hii na tukashindwa vibaya.

Tuanze na borni.

Mu kiangazi cha mwaka jana, wale wanaopitaka pa parke asubuhi waliona vipande vinne vya simenti vimesimikwa upande wa barabara, na rangi nyekundu kichwani. Hakuna mutu wa kartie aliyealikwa, hakuna karatasi iliyobandikwa. Siku chache nyuma yake, lori ilimwaga mchanga. Tulienda kuuliza mu ofisi ya kwanza, wakatutuma ya pili. Ya pili wakatuambia mwenye dosie hayuko. Tulirudi mara tano. Mpaka leo hakuna aliyetuonyesha karatasi inayosema ile ardhi imetoka mu mali ya watu wote. Hatutaji hapa ofisi wala jina la mutu. Barua zetu zimepigwa kashe, zitasema zenyewe siku ikifika.

Sheria lakini tunaweza kuitaja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, artikle 55, inaeleza kwamba ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mutu, mpaka kwanza iondolewe mu matumizi hayo kwa njia inayotakiwa. Na Katiba ya 18 Februari 2006, artikle 53, inampa kila mutu haki ya kuishi mu mazingira yenye afya, na papo hapo inamupa wajibu wa kuyatetea. Wajibu, wandugu. Haikusema ni kwa wale wenye kuwa na wakati.

Lakini tunaishi hapa, tunajua sheria peke yake hailindi kiwanja. Namna parke inavyokufa mu muji huu, wote tunaijua. Kwanza takataka: watu wanaanza kutupa, hakuna anayeondoa. Kiisha wamama wanakataza watoto kucheza pale juu ya chupa na sindano. Kiisha mutu mwenye suti anapita, anatazama, anasema: "Hii ardhi iko bure." Neno lile "bure" njo linaua. Miezi sita nyuma yake kuna ukuta, na ukuta mu Lubumbashi unapandaka usiku. Parke isiyo na mutu wa kuikanyaga kila juma haina mutu wa kuililia.

Tungeweza sisi wenyewe kujenga ukuta. Ukuta unadai mafranga, na ukisimama, yule anayeshika ufunguo njo anakuwa mwenye parke. Tungeweza kulipa mulinzi. Mulinzi analipwa na mwingine anayetoa zaidi. Tulichagua kitu ambacho kinalazimisha watu kurudi: bustani. Bustani inadai macho kila juma, mikono kila mwezi, na inadai majirani wajue nini imepandwa wapi. Siku borni ya tano itasimikwa, kutakuwa na watu arobaini wenye kujua kwamba jana haikuwa pale.

Sasa mutatuuliza: sawa, bustani, lakini juu ya nini maua ya pori? Juu ya nini si yale mazuri ya kununua ku barabara, mu mifuko nyeusi?

Hapo tulifundishwa na mama mmoja. Analima kibwabwa na mboga upande wa chini wa parke, mistari saba au minane. Mwaka jana tulimwendea na shingo ngumu, kumwambia atoe mistari yake maana tunataka parke "safi". Ndiyo, sisi, watetezi wa wanyonge. Alitusikiliza mpaka mwisho, kiisha akauliza: "Batoto, munajua juu ya nini maboga yangu inaanguka ingali kidogo?" Hatukujua. Akatuitisha turudi asubuhi.

Asubuhi tuliona. Boga liko na maua ya aina mbili juu ya mmea mmoja: la kiume, lenye ule unga wa manjano ndani, na la kike, lenye kiboga kidogo tayari chini ya shingo. Unga wa boga uko muzito, unanata, upepo haubebi. Lazima mdudu aingie mu la kiume, achafuke, kiisha aingie mu la kike. Na ua linafunguka asubuhi moja tu; jua likipanda, linafunga, imeisha. Nyuki asipopita asubuhi ile, kiboga kinakuwa cha manjano na kinaanguka. Mama alikuwa anakata ua la kiume, anaondoa majani yake, anapangusa mu la kike. Ua kwa ua, kila siku, mbele ya kwenda soko. Mama wa watoto sita alikuwa anafanya kazi ya nyuki kwa mukono.

Tusidanganyane: bukari yetu haidai nyuki. Mahindi inabebewa unga na upepo, na muhogo tunapanda fimbo. Watu wanaosema "bila nyuki dunia inakufa na njaa" wanaongeza chumvi. Lakini ondoa mu sahani na mu soko maboga, matango, tikiti, marakuja. Punguza maembe, ambayo inategemea sana nzi. Halafu tuhesabu nini mama anabaki nayo ya kuuza. Marakuja yenyewe iko na siri yake: ua lake liko kubwa, nyuki mdogo wa asali anakula bila kugusa pale panapotakiwa. Kazi ile inafanywa na yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, ambaye sisi wote tumemufukuza na fagio tangu utoto.

Na yule mweusi anatufungulia jambo lingine. Tukisikia "nyuki" tunawaza mzinga na asali. Mu dunia kuna aina karibu 20,000 za nyuki zinazojulikana, na nyingi hazina mzinga, hazina malkia, hazitengenezi asali ya kuvuna. Jike anaishi peke yake, anachimba tundu lake mu udongo ao anatoboa muti mkavu, anaweka mayai na chakula, anafunga, anakufa. Wale njo hatuwaonaka. Wale njo tunawachoma kila kiangazi tukiwasha moto mu majani "kusafisha".

Muji wetu ulianzishwa 1910 katikati ya pori la miombo. Tangu 1911 kiwanda kikaanza kuyeyusha shaba, na muji ukala pori kuuzunguka: kwanza mbao na kuni, leo makala. Hatuwanyooshei kidole wale wanaosukuma kinga na magunia ya makala toka mbali, jasho mpaka miguuni. Wanapika chakula chetu, maana umeme hauko. Lakini muputu na mutondo unaogeuka makala, njo ile ile miti ambayo wavuna asali wanaingojea ikitoa maua. Mukula mulisikia habari yake: ulikatwa, ukapanda malori, ukaenda ng'ambo. Kila mwaka pori linasogea nyuma, na mdudu mdogo hawezi kuruka kilometa makumi kuja kufanya kazi ku mistari ya mama.

Jacaranda je? Tunazipenda. Lubumbashi mu mwezi wa kumi bila ile rangi haiko Lubumbashi, na hakuna mutu wa harakati hii atakayezigusa. Jacaranda ilitoka Amerika ya Kusini, ekalipti Australia, na nyuki wa asali anakunywa kwazo bila kuuliza pasiporti. Shida ni wengine. Kipepeo anaweza kukunywa mu ua lolote, lakini mayai anaweka juu ya jani analolijua, kwa sababu mtoto wake hali kila jani. Viwavi tunavyonunua soko, vile vya mutondo na musamba, mupeleke juu ya ekalipti muone kama vitanenepa. Ukipanda ya kigeni tu, unafungua restora bila nyumba ya kulala na bila hospitali ya kuzalia.

Kuna jambo lingine ambalo linatoka hapa kwetu. Mu Penga Penga, mahali moshi wa kiwanda ulianguka miaka mingi mpaka udongo ukabaki uchi, watafiti wa Université de Lubumbashi walijaribu kufunika ardhi ile na majani ya kienyeji, wakitia chokaa na mboleo. Walichukua majani ya hapa kwa sababu yamezoea shaba. Katanga iko na mimea zaidi ya 20 ambayo haimei mahali pengine pa dunia isipokuwa juu ya vilima vyetu vya shaba na kobalti. Wengine wanatafuta kwetu mawe tu. Juu ya mawe yale kulikuwa na maua ambayo Mungu hakuyaweka kwingine. Na hapa tuonyane: kama kartie yenu iko chini ya upepo wa kiwanda cha zamani, musilime mboga za kula mbele ya udongo kupimwa. Maua ni sawa, mboga hapana.

Sasa kosa letu la mwaka jana, tulisema tutalisema.

Tulipewa miche zaidi ya mia moja, mingi ekalipti, na mingine ya maua ya kupamba ambayo hatukujua ata majina. Tulipanda mwisho wa mwezi wa ine. Mwezi wa ine! Mvula inaaga, kiangazi kinaingia, na sisi tunapanda, kwa sababu siku ile njo wageni walikuwa na nafasi na matishati yalikuwa tayari. Tulipiga foto nzuri sana. Mingi kati yenu muliipenda, mulituwekea mioyo. Nyuma yake hakuna aliyekuwa na bido ya mayi. Mbuzi wa jirani walimaliza upande mmoja, jua likamaliza mwingine. Mwezi wa munane kulibaki vijiti. Foto iko mpaka leo. Na borni zilisimikwa wakati ule ule, mahali vijiti vilikuwa vimesimama, kwa sababu kila mutu alikuwa ameona kwamba hata sisi hatupitaki tena pale.

Mara hii tunaenda taratibu. Tangu kiangazi wenzetu wamekuwa wakiokota mbegu, kwa ruhusa ya wazee wa vijiji wanaojua pori. Muputu maganda yake yanapasuka yenyewe na kurusha mbegu, na mbegu hazikai muda mrefu: lazima ziingie udongoni mvula ikianza. Tutazipanda moja kwa moja mu shimo. Tuliambiwa na wazee, na tumekubali, kwamba kung'oa mche wa miombo mu pori na kuuleta muji ni kuuua, sababu mzizi wake unashuka mbali kuliko jembe letu. Musishangae pia ukikaa miaka bila kupanda juu. Unajenga chini kwanza. Kiangazi kinakausha kijiti, mvula inarudisha kingine. Mutu atakayesema "muti wenu umekufa" mumwambie angoje.

Kwa wale wasio na subira, na sisi tuko kati yao, kuna mimea ya mwaka mmoja au miwili. Leonotis, ile ndefu yenye mipira ya maua ya machungwa iliyopangwa juu ya fimbo kama mishikaki: inamea ata mu takataka, na ndege wadogo wa kufyonza wanaipenda sawa na nyuki mweusi. Vernonia ya majani machungu, ambayo wamama wanaijua kama dawa. Ukingoni tutaweka muti wa Erythrina, unaotoa maua mekundu mu kiangazi ukiwa hauna jani, na Dombeya yenye maua meupe wakati ule ule wa ukavu. Nia ni hii: kusiwe na mwezi mmoja wa mwaka ambamo mdudu anafika pale na kukuta meza tupu. Masuku na mupundu tutapanda pia, na hapo hatuna maelezo ya kisayansi. Ni juu ya watoto.

Kikanda hapana. Kuna waliotuletea mawazo ya kung'oa mizizi yake mu mabonde na kuihamishia parke. Kile tunachokula kama kikanda ni mizizi ya maua ya orkide, na mabonde yameshachimbwa kupita kiasi. Hatuchukui mmea mzima mu pori, hata mmoja. Mbegu tu, na si zote.

Tunajua parke yetu itaonekana chafu mu macho ya wengine. Kutakuwa na gogo kavu lililoachwa makusudi kwa ajili ya yule mweusi, ili aache paa zenu. Kutakuwa na sehemu ya udongo mtupu, haichimbwi, haimwagiwi kitu, kwa ajili ya wale wanaochimba tundu. Majani hayatachomwa. Mutu akija na hofu ya mbu, mumujibu vizuri, bila kumcheka: mbu anazalia mu mayi iliyosimama, mu chupa na mipira ya gari ambayo tutaondoa siku ya kwanza. Hofu ya nyoka iko ya kweli zaidi, njo maana pembeni ya njia na ya kiwanja cha mpira majani yatakatwa chini. Mizinga hatutaweka. Nyuki wa asali wa kwetu hana mchezo akilinda nyumba yake, na parke iko na watoto.

Inabaki neno "salongo", ambalo wazazi wetu walilitamka mara moja waliposikia mpango huu, na sauti yao ilibadilika. Miaka ya Mobutu salongo ilikuwa kazi ya amri: ukikosa, unajua nani atapiga hodi. Tunawaelewa. Hapa hakuna liste ya waliokuja na wasiokuja, hakuna amande, hakuna mutu atakayetumwa kwenu. Asiyeweza kuja asije, na asione haya. Lakini tuwaambie pia viongozi, ambao wanapendaka sana vijana wanaofagia: kujitolea kwetu hakufuti deni lenu. Kuondoa takataka ya muji ni kazi inayolipiwa na kodi ya wamama wa soko, wanaoikatiwa tikiti kila asubuhi. Sisi tunapanda. Ninyi mubandike ku mlango wa komine ramani ya viwanja vyote vya watu wote, na mipaka yake, ili kila mtoto wa kelasi ya sita aweze kuisoma. Na mutujibu ile barua.

Jambo moja bado linatusumbua, na hatuna jibu lake kamili. Bustani inaweza kuwa namna nyingine ya kunyakua: kesho harakati inaweka kibao chenye jina lake, kesho kutwa mutu wa harakati anasema "kwetu". Kwa hiyo hakutakuwa na kibao chenye jina letu. Komite ya bustani itakuwa ya watu wa avenyu zinazozunguka parke, na mama wa maboga amekubali kuwa ndani yake. Mistari yake inabaki pale iko, na maua tutayapanda kuizunguka. Sisi tuko na viti viwili kati ya tisa, na tulipigania kimoja kipunguzwe lakini majirani walikataa. Walisema kama tunawaachia kazi yote, tuseme.

Borni nne hatutazigusa. Ziko ushahidi, na kuzing'oa kungempa mutu sababu ya kutupeleka mu kashoti. Tutazipiga foto kila Jumamosi kutoka mahali pale pale, na tutapanda leonotis kuzizunguka.

Tunaanza Jumamosi ya kwanza nyuma ya mvula tatu za nguvu kufuatana, tutatangaza mbele ya siku mbili. Lete jembe kama uko nalo, kupekupe ya kukata majani, viatu vilivyofungwa, na chupa yako ya mayi ya kunywa. Usilete mche wa kununua. Fika saa kumi na mbili ya asubuhi, si saa tatu: maua ya maboga inafungaka jua likipanda, na mama anataka muione kwanza.